Kioo Kwenye Ufa

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Miguu yako je, imeacha kuvimba? Mimi mzima, ila naogopa.

Unajua kazi yangu: asubuhi nawatembeza wageni ndani ya ngome ya hapa kisiwani, na bahari ikipwa tunapita mlango mdogo wa ukuta wa kale, tunashuka nikawaonyeshe matumbawe na majongoo bahari. Ukuta huo una ufa. Fundi wetu amebandika kipande cha kioo juu ya ufa. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Kila siku nakikuta kizima. Lakini nikisimama pale nasikia mchanga ukidondoka ndani ya mawe. Wenzangu wananicheka.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile, uzee hauna dawa.

Wakikucheka waache, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Muulize fundi uso kwa uso. Ukuta ukiwa mbovu, mwambie mkubwa wako afunge. Asiposikia, simama mlangoni wewe mwenyewe, mtoto wa mtu asipite. Sikukulea uwe wa kunyamaza.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, moyo haupo.

Nimemuuliza fundi. Kumbe kioo huvunjika kila mara, naye hubandika kingine kabla hatujafungua! Anasema wageni wakiona kioo kimepasuka watadhani kisiwa hakitunzwi. Maskini, kwake yeye huo ni usafi tu. Na mimi nimekuwa nikiwakalisha wanafunzi wanaotutembelea pale chini ya ukuta wachore kaa.

Mkubwa anasema atafunga baada ya wageni wa Jumamosi, wameshaahidiwa. Basi nitafanya ulivyosema. Naogopa sana, Mama, lakini nitasimama.

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Niambie hujambo.

Nilikuandikia juzi, kimya. Leo nimeenda gatini. Nahodha wa boti yenu anasema ukuta ulianguka Jumamosi, na wageni wote wamesalimika kwa sababu kuna mtu aliwazuia pale mlangoni. Nikamuuliza, mtu gani? Akasema, "Mama, kaa kwanza."

Sikukaa. Nimerudi nyumbani kukuandikia. Kwa nini sikukwambia urudi tu? Mama gani anamwambia mwanawe asimame chini ya ukuta?

Nahodha amesema atapita jioni. Sitamfungulia. Niandikie wewe.

Mama