Kambi Isiyo na Mama

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi.

Ukungu umekaa juu ya mji tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimeteremka Lushoto na lori la kabichi, nimevaa sweta mbili, nimelipia saa moja ya intaneti. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna anayeniita mwalimu.

Jana bodi ya shule ilikaa kupitisha mpango wa mwaka. Shule yetu ni ya kata. Wazazi walipandisha mawe yake mlimani kwa vichwa vyao, na mwaka huu ndiyo kwanza ina kidato cha nne. Mimi ni mwalimu wa taaluma, kwa hiyo mpango niliuandika mimi. Waraka kutoka juu ulitaka kipaumbele kiwe ufaulu, hasa hisabati na sayansi, na wasichana wasiachwe nyuma. Nikaweka jambo moja mbele ya mengine yote: kambi. Kidato cha nne wahamie shuleni mpaka mtihani, wavulana darasa moja, wasichana jingine. Wazazi walete unga na maharage. Tusome jioni kwa karabai.

Najua ninaitaka kwa ajili ya nani. Rehema anaongoza darasa kwa kemia. Akitoka shuleni anateremka bondeni, anakata majani ya ng'ombe, anachota maji, anapika, kisha anafungua kitabu macho yakiwa yameshachoka. Majibu yake mazuri yanakatikia katikati ya sentensi.

Kambi ya wavulana ilipita kabla chai haijapoa.

Tulipofika kwa wasichana, wajumbe wakahamia Kishambaa. Mkuu wa shule akaniinamia: "Usijali Mwalimu, wanakusifia." Wote wakacheka. Nami nikacheka, bila kujua ninacheka nini. Huu ni mwaka wangu wa pili huku milimani, na ninachokijua bado ni salamu.

Aliyerudi kwenye Kiswahili ni Mama Rehema, anayewakilisha wazazi kwenye bodi.

"Hao mabinti usiku watakuwa na mtu mzima gani?"

"Mimi, mama."

Akanitazama bila ubaya wowote. "Wewe nawe ni binti. Unakaa peke yako kwenye nyumba ya shule, huna mama, huna shangazi, huna hata mtoto wa kumtuma chumvi. Wewe mwenyewe nani anakulinda?"

Nina shahada. Nimesimamia mitihani, nimeamua ugomvi wa wavulana wanaonizidi urefu.

Nikageuza ukurasa wa mpango.

Mkuu akasema tusipoteze muda, waraka unadai ufaulu, na wavulana wakipanda shule imepanda. Mwenyekiti akafunga: mpango urekebishwe, Jumatatu uende wilayani. Urekebishwe na mimi. Yaani nifute wasichana kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama Rehema alinisubiri nje, kwenye manyunyu.

"Mwalimu, umenuna."

"Hapana, mama."

"Umenuna. Hata kutuaga hukutuaga." Akacheka, akanishika mkono kama vile tunavuka mto. Akaniambia kwamba huku kwao mwali hakai kwenye nyumba isiyo na mtu mzima, awe na elimu, asiwe nayo. Si kwamba wananishuku. Wananihurumia.

Wananihurumia! Miaka yote miwili nilidhani wananiheshimu.

"Nyumba ikiwa na mama," akasema, "Rehema namleta mwenyewe na godoro lake, na wenzangu wataleta wa kwao. Mama yako yupo?"

"Yupo. Yuko Songea."

"Basi mwite. Akae nawe mpaka wamalize mtihani. Sema tu anakuja, na Jumatatu nasimama na wewe mbele ya mkuu."

Alisema kama vile Songea ni ng'ambo ya bonde.

Mama yangu anaishi peke yake tangu mdogo wangu aoe. Nilipopangiwa huku aliniomba nitafute kituo cha karibu. Nikamjibu kwamba kazi ni kazi. Tangu hapo tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana mvua, tunaagana.

Leo, kabla sijaingia humu, nimempigia nikiwa stendi. Shikamoo mama, marahaba, mvua vipi. Kisha nikamweleza vizuri sana, jinsi nilivyowaeleza bodi: ufaulu, kambi, wasichana, Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeniita kwa ajili ya wanafunzi," akasema.

Nikasema ndiyo, mama.

Nyuma yake nilisikia kuku. "Haya. Ngoja nifikirie." Simu ikakatika. Sijui ni yeye, au ni vocha yangu.

Nimekaa hapa nikilitazama lile "ndiyo" langu. Lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Sikumwambia kwamba ninapika sufuria la mtu mmoja na kula nimesimama. Sikumwambia kwamba nikisahihisha madaftari ninayajibu kwa sauti, ili ndani ya nyumba pawe na mtu anayeongea. Mama Rehema aliponiuliza nani ananilinda, nilitaka kulia mbele ya bodi nzima, na machozi yale hayakuwa ya wasichana wa kidato cha nne.

Hilo ndilo ningependa kulisema, na hilo ndilo nisiloweza.

Mpango uko nyumbani mezani. Sijafuta kitu. Kama mama hatakuja, Jumatatu nitafuta, na Rehema ataendelea kuteremka bondeni huku wavulana wakiwasha karabai. Kama atakuja, sitaki aje kama matroni wa shule.

Saa yangu ya intaneti inaisha.

Kesho nitampigia tena kabla ya ibada. Sitaanza na wanafunzi.