Mapipa Manne Mteremkoni

Kharumwa, Geita
14 Septemba 1984

Mpendwa mjukuu wangu Theonest,

Marahaba, kwa shikamoo ambayo hujaileta. Misimu miwili ya pamba imepita sijaiona sura yako. Huko Tabora mmejengewa ukuta? Nimemwambia mwalimu Selestine aandike nisemavyo, asilainishe. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Paskazia na mtoto wanakula vizuri? Mimi mgongo unauma, ila jembe bado nashika.

Mjukuu wangu, mume wangu, nimeshindwa.

Kaka yako Marselino anawapelekea wachimbaji maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, kwa gari la ng'ombe. Zamani alipakia mapipa mawili, akafunga gogo nyuma liburuzike, gari lisikimbie mteremkoni. Sasa anapakia manne, na gogo amelitupa, eti linamchelewesha. Ng'ombe ni walewale wawili. Na anayetembea mbele yao akiwaongoza kwa kamba ni mkewe Esta, na mimba yake hiyo.

Juzi gari liliwasukuma ng'ombe mpaka wakapiga magoti. Esta akarukia miibani. Nilimkuta anajichomoa miiba.

Nilimfokea Marselino. Akacheka: "Bibi, ng'ombe walioweza kuvuta watashindwaje kuzuia? Mbona Theonest anabeba tani saba!"

Lori lako lina breki, Theonest! Huyu breki yake ni Esta?

Sikusoma, ila nina mikono. Nililisukuma gari tupu, likaondoka mbio. Nikaongeza pipa la maji, nguvu zangu zilezile, likajikokota. Yalipofika manne halikutikisika kabisa. Basi kizito kinachokataa kuondoka, kikishaondoka kinakataa kusimama. Nilimwonyesha Marselino, akaona kwa macho yake. Akaniambia nikapumzike.

Nililala mbele ya magurudumu, Marselino na wenzake wakaninyanyua kama gunia. Esta naye anasema mke aliyetolewa mahari ya ng'ombe hawezi kukataa kuwaongoza ng'ombe. Ndiyo akili tuliyompa, Mungu atusamehe. Na tumbo linazidi kukua. Safari nyingine hataweza kuruka.

Marselino anakusikia wewe tu, kwa kuwa wewe ni dereva.

Msalimie Paskazia, mbusu Donatus mdogo, na shemeji yako Bartholomeo mwambie namkumbuka. Mungu akulinde barabarani, na akuharakishe.

Ukija, usianzie kwangu. Nenda moja kwa moja mteremkoni, mnyang'anye Esta ile kamba, umpe Marselino. Atembee yeye mbele ya mapipa yake.

Bibi yako akupendaye hata akikukaripia,
Mageni binti Bujiku