Kamera ya Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Kibondo. Kamera yangu kubwa imekufa rasmi. Nimeiua mwenyewe! Miaka kumi na tisa ya kupiga picha, na bado nikabadilisha lenzi kando ya barabara ya vumbi kule Murungu, lori likipita. Halafu, kwa akili zangu zote, nikafuta ndani kwa ncha ya khanga. Fundi kachungulia, kanipa pole kama ya msibani.

Jumamosi ni harusi ya Mwalimu Veronica, Kabanga. Nilimpiga picha siku aliyomaliza darasa la saba, kasimama kwenye tope, viatu mkononi visichafuke. Kaniita mimi, si mwingine.

Jumatano, 20 Novemba
Kasulu, dukani kwa Twalibu. Kaweka kamera mbili mezani. Moja ya kubadilisha lenzi. Nyingine ndogo, ngumu, unaizamisha kwenye ndoo. Na kaizamisha kweli! Kisha kaiangusha sakafuni. Aliyepiga kelele ni mimi.

Lakini hataki niichukue. Da Safina, ananiambia kwa Kiswahili chake cha Tanga, watu wa harusi huita lenzi, hawaiti mtu. Nikitokea na kitu kama kipande cha sabuni, wataniuliza mpiga picha yuko wapi. Ana hoja. Kubwa inaona hata gizani, ndogo haioni. Najua! Ila kubwa inataka nibebe lenzi tatu kwenye bodaboda, na mimi na vumbi tumeshajuana. Uwezo ni wa moja tu.

Nimechukua ndogo. Rangi ya chungwa. Basi.

Alhamisi, 21 Novemba
Shangazi yake Veronica kapiga simu. Kasikia — Kasulu hakuna siri. Bibi harusi wetu hapigwi picha kwa tochi, anasema. Kama sina kamera ya maana, wanamwita Ildefonce, yule mwenye lenzi kama bomba la maji. Nimemwambia nakuja. Kakata.

Mume wangu Lukmani ana dawa: nivae ile maiti ya kamera shingoni kwa heshima, nipige kwa hii ndogo. Tumecheka mpaka chai ikapoa. Kisha nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo. Nimependeza, sisemi uongo.

Nimeivua. Sivai maiti harusini!

Ijumaa, 22 Novemba
Kabanga. Nimejaribu ndani ya kanisa. Chenga tupu, sura kama uji wa muhogo ulioganda. Nikafungua dirisha moja — heh! Sura zikatokea. Katekista Kipriani kakubali kuyafungua yote kesho. Alitaka tu nimpige picha moja. Nimempiga nne.

Jumamosi, 23 Novemba
Mvua! Tangu alfajiri. Kipriani anazunguka akifunga madirisha, ananiomba radhi kwa kila moja. Nimenunua kamera isiyoogopa mvua, nikasahau kwamba kanisa linaogopa.

Shangazi kafika. Hata mwidiho, salamu ya Kiha, hakunipa, sembuse makofi yake. Kanitazama mikononi, shingoni, tena mikononi. Kamera iko wapi, mama? Nikaiinua. Kageuka, kampigia simu Ildefonce. Sauti ya Ildefonce simuni naisikia mpaka hapa: atakuja, shangazi, atakuja, mvua ikikatika tu.

Kumbe lenzi yake nayo ina shangazi wa kuikataza mvua.

Naandika barazani, karatasi inalowa. Gari la bibi harusi limesimama hatua tano kutoka hapa. Veronica kashusha kioo. Haniulizi habari za giza wala za lenzi. Jambo moja tu: Mama, hiyo inaweza mvuani? Nimemwambia, mwanangu, hicho ndicho pekee inachoweza.

Shangazi mlangoni anapiga kelele, gauni! gauni! Ndani giza, nje kweupe. Veronica kainama kitini. Anavua viatu, kama siku ile ya tope —