Maswali ya Mzungu Mbele ya Baba Mkwe

Kwa mke wangu Rasoa,

Pokea salamu kutoka hapa Rongai, penye vumbi la unga na upepo usiochoka. Mimi ni mzima. Je, wewe na watoto? Mama naye, kikohozi kimepoa? Mvua imefika huko Vihiga, au bado mnatazama mawingu tu?

Najua unangoja habari ya nyumba. Acha nikueleze, ucheke kabla hujakasirika.

Nilikwambia kinu kinatafuta nyapara, na nyapara hupewa nyumba ya vyumba viwili ambamo mke anaruhusiwa kukaa. Sote tulijua ni mimi. Wapakiaji wa magunia wakichoka, ni mimi huwachekesha mpaka lori lijae. Lakini bwana mkubwa akaleta Mzungu kutoka Nairobi, ambaye kazi yake ni kuuliza watu maswali ajue kila mmoja ni mtu wa aina gani na ataiweza kazi ipi. Tuliitwa wawili wawili. Mimi niliitwa pamoja na nani? Na baba yako, mfanyakazi mwenzangu hapa kinuni.

Rasoa, fikiria. Tumeketi benchi moja, nami natazama sakafu. Karani akitafsiri, Mzungu akauliza kama napenda kukaa na watu au peke yangu. Mbele ya mkwe ningesema napenda makundi na vicheko? Nikajibu polepole kwamba peke yangu si vibaya. Akauliza kama watu hucheka nikizungumza. Nikasema sijui. Akauliza kama mkubwa wangu akikosea nitamwambia. Nikakohoa tu.

Baba yako naye, kwa kuwa mkwe wake yuko pale, alikaa wima akajibu kila swali kwa uzito, kama anayegawa shamba. Huyo huyo ambaye wewe husema hawezi kuamua jogoo achinjwe au auzwe.

Kesho yake karani akatuambia, "Mzee ni mtu wa kuongoza, ndiye nyapara. Wewe kijana ni mtu wa upweke. Utafanya kazi katika chumba cha kupima mahindi."

Niliumia sana, sikufichi. Nilitaka niulizwe tena, mzee akiwa mbali, lakini Mzungu alikuwa ameshapanda gari kwenda Nakuru.

Hata hivyo kuna jambo linanishangaza. Baba yako anaiweza kazi. Hana haraka ya kuamua, kwa hiyo hana haraka ya kufoka, na watu wanamtii. Nami huku chumbani, nikiuma punje nijue kama imekauka, siku hupita bila mimi kuchoka. Sasa najiuliza: yule mtu alituona kweli, au sisi tumeanza kufuata alichosema? Wewe unayenijua, niambie, mimi ni mtu wa aina gani?

Jana baba yako alimtuma karani aniambie nyumba aliyopewa ni kubwa kwa mtu mmoja, binti yake aje na watoto. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba mkwe halali katika nyumba ya baba wa mkewe. Njoo tu. Wewe utalala humo, mimi nitalala kambini na wanaume, na kila jioni nitakuja nisimame nje ya ua niulize kama upo. Nikiuliza, usikawie kutoka.

Nisalimie mama, ndugu yangu mdogo anayechunga ng'ombe wetu, na shangazi mwimbishaji wa kanisani. Mama yako msalimie kwa heshima, kwa mbali.

Ni mimi mumeo, anayesemekana anapenda kukaa peke yake,

Baba Yohana