Nyuki za Ntumba

Kabeya, leo siku ya ine, tarehe 14 Oktoba 1976, roho yangu imeharibika. Soma yote mbele ya kujibu.

Asubuhi nyuki zilihama muti wa pembeni ya kareri, shimo kwenye tunachimbaka mawe. Mbuyi, ule kijana mwenye alisomaka Kitwe, kule Zambia, akaambia shefu wa kazi: "Batu basishuke. Hii ni omeni." Shefu: "Omeni ni nini?" "Ni kingereza, shefu. Kitu chenye kuonyesha mambo inakuja."

Ndugu, shefu akasimamisha kazi. Saa sita ukuta wa udongo ukaanguka. Chini hakuna mutu.

Omeni. Sasa Mbuyi ameahidiwa nyumba yenye umeme, anakunywa bia na bakubwa. Hata mukate ya jirani imeungua, bamama banasema omeni.

Wivu inanikula, sitakuficha. Bibi yangu Ntumba, mwenye nilimuoa, alisemaka vile vile mwaka jana. Muti ule ule, nyuki zile zile. Shefu ule ule akacheka: "Ntumba, wacha bulozi yako." Batu babili bakafa chini, kisha bakasema ni yeye aliwaloga. Hakuna mutu alimusalimia tena mpaka akakufa. Kwa kilio yake ulikuja weye tu.

Ndiyo maana leo nilimufuata shefu mbele ya batu bote, bia iko mukononi mwake.

Alitazama viatu, akaenda. Nilimuuliza hivi tu: "Shefu, kama Mbuyi ana omeni, juu ya nini bibi yangu alikuwa mulozi?"