Kamba ya Mlangoni na Ubeti Mlioufuta

Xiaobei, Guangzhou

Makomredi wangu wa Mkeka Mmoja, wanawake mliogombana na kila msimamizi wa ukumbi aliyethubutu kuiita ngoma yenu kelele. Na wewe Mama yangu, mtunzi wao na mzazi wangu,

Shikamooni nyote. Mama, barua hii usiisome peke yako chumbani. Ngoja siku ya kikundi, mkishakaa, umpe Bi Saumu aisome kwa sauti. Sauti yake haihitaji kipaza. Nina sharti moja tu: asiruke mstari, hata ule utakaomchoma.

Goti lako, Mama, linaendeleaje tangu mvua zianze? Shangazi Mwajuma amepona kikohozi, au bado anakificha ili asizuiwe kuimba? Mimi ni mzima. Unyevu wa mji huu unaingia hadi kwenye godoro, nguo zangu haziishi harufu ya kabati, na profesa wangu amenirudishia sura ya pili ya tasnifu mara nyingine tena, akisema ninaandika kama mtu aliyesimama juu ya meza. Nilimjibu kwamba haki za watunzi hazikuwahi kutetewa na mtu aliyeketi. Hakucheka.

Sasa nisikilizeni, kwa maana nimebeba jambo linalonikaba.

Ninyi mlinilea katika sheria moja. Mtoto wa Mkeka Mmoja anapotimiza arobaini na kutolewa nje, kikundi humtungia wimbo wake, wenye jina lake ndani, na wimbo huo haimbiwi mtoto mwingine mpaka dunia iishe. Hata mapacha wa Bi Zena walipata nyimbo mbili, na mlibishana wiki nzima kuhusu wimbo upi ulikuwa mzuri zaidi. Sheria hiyo ndiyo iliyonifanya nisome sheria. Nilipofika hapa, miongoni mwa maghorofa haya ambamo kila kitu kina nakala ya nakala, nilikuwa nikijiambia: kipo kitu kimoja changu ambacho hakina nakala.

Kumbe kinayo.

Tulikuwa kwa Mama Béa, yule mfanyabiashara wa kutoka Bukavu niliyewahi kukusimulia, Mama. Mgahawa wake uko mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu, na wanafunzi wa Afrika Mashariki hukutana huko kila Jumapili kujadiliana na kula sombe, yaani kisamvu cha kwao. Ciku, mwenzangu kutoka Nakuru, alikuwa akisikiliza albamu ya kwanza ya msichana mmoja wa Korea anayeandika na kuimba nyimbo zake mwenyewe. Albamu inaitwa, kwa tafsiri, Kamba Mlangoni. Gitaa, piano, na sauti inayoimba karibu mno na sikio. Nyimbo tisa za Kikorea zilipita bila mtu kuinua kichwa. Ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho, ilipoanza, Ciku aliacha kutafuna.

"Wacha! Hii ni Kiswahili ama ni njaa inanisumbua?"

Mama Béa akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Weye Mwanaisha! Ile jina si yako? Hata ba-Chinois banakujua sasa?"

"Si Mchina, Mama Béa, ni Mkorea."

"Mkorea, Mchina, jina ni lako!"

Lilikuwa langu. Matamshi yalikuwa yamepinda, lakini maneno yalikuwa yale yale mliyoniimbia kila mwaka nilipoongeza umri:

Mwanaisha mwana wetu, toka nje uone jua,
Mkeka tumetandika, upate pa kutulia.

Na kabla sijapumua, yule msichana akaendelea na ubeti ambao sijawahi kuusikia maishani mwangu:

Na Mirae ni wa kwetu, pamoja leo mwatoka,
Aulizaye wa nani, sote tumewapakata.

Mirae ndilo jina lake mwenyewe, huyo mwimbaji. Amechukua wimbo wangu, nikasema, na kana kwamba hilo halitoshi, amejichomeka ndani yake kama mtu anayejikaribisha kwenye picha ya harusi isiyomhusu! Tukatafuta maelezo ya albamu. Mbele ya wimbo wa kumi pameandikwa: wimbo wa asili, mtunzi hajulikani.

Hajulikani! Mtunzi anayejulikana Tanga nzima, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, ambaye watu humsimamisha sokoni kumwomba ubeti!

Nilipanda juu ya kiti. Ndiyo, Mama, kiti. Nikawaambia wenzangu: "Makomredi! Walichukua mkonge, tukanyamaza. Walichukua vinyago, tukawafungia kwa karatasi. Leo wamefika kwenye mkeka wa arobaini, wamemwondoa mama yangu, wakaweka neno hajulikani! Tutanyamaza tena?" Wakapiga meza. Tukakubaliana kuandika waraka wa wazi na kuusambaza kwa kila chama cha wanafunzi kitakachotusikiliza.

Ciku peke yake ndiye aliyeinua mkono. "Na kama ni mamako alimpatia?"

"Mama yangu hatoi wimbo wa mtoto mara mbili. Ni sheria."

"Sawa, wakili. Mimi nimeuliza tu."

Lakini swali lile lilinifuata mpaka bwenini, nami nikaanza kuwatilia shaka ninyi, mmoja baada ya mwingine. Nilimshuku Shangazi Mwajuma kwa kuwa huimba harusini mbele ya kila simu inayorekodi. Nikamshuku Bi Zena, ambaye alikuwa akiwapangisha watalii chumba cha uani. Kila uso niliokuwa nikiukumbuka kwa mapenzi niliugeuza na kuuchunguza nyuma. Hivyo ndivyo wizi unavyofanya: unakuharibia hata wasioiba.

Jiwon, mwanafunzi mwenzangu kutoka Busan, Korea, alikubali shingo upande kumwandikia mwimbaji yule na kututafsiria. Nilitarajia kujibiwa na mawakili wa kampuni kubwa. Alijibu mwenyewe. Kampuni hakuna, albamu aliirekodi katika chumba cha chini ya ardhi, chini ya duka la dobi, na mahali fulani katika wimbo wa nne, ukisikiliza vizuri, unasikia mashine ya kufulia ikizunguka. Hilo pia nililishuku. Umaskini nao unaweza kuwa vazi.

Jumamosi mchana tukazungumza naye kwa video, palepale kwa Mama Béa. Nilikuwa nimepanga maswali kama mwendesha mashtaka. La kwanza lilikuwa: "Jina langu ulilipata kwa nani?"

Jiwon akatafsiri. Mirae akaziba mdomo kwa mkono, kisha akageuka na kumwita mtu. Akaja mama mmoja mwenye mvi fupi, akijifuta mikono kwa taulo. Akasogea karibu sana na kioo, kama wafanyavyo kina mama wa dunia nzima.

"Hodi hodi," alisema, kwa Kiswahili cha Tanga kilichoshika kutu. "Mwanaisha? Umekuwa mkubwa hivi? Mama yako bado anamwagia iliki kwenye uji kama anayemwagilia mchicha?"

Jiwon akanigeukia, amechanganyikiwa. "Sasa nitafsiri nini?"

Mama, mama huyo ninyi mnamjua. Alikuwa akiwafundisha wakunga. Mumewe alikuwa safarini alipojifungua, wodi moja nawe, na hakuwa na mama, dada wala shangazi wa kumkanda maji ya moto. Ukamwambia, "Twende nyumbani, mkeka ni mpana." Mkakaa ndani pamoja, ninyi wazazi wawili na sisi vichanga wawili, hadi arobaini. Siku ya kututoa, kikundi kikaimba wimbo mmoja wenye beti mbili. Ndivyo anavyosema.

Niliuliza: kama ni hivyo, kwa nini mimi nililelewa na ubeti mmoja?

Mama Mirae akanisimulia habari ya kamba.

Kwao mtoto anapozaliwa husokotwa kamba ya mabua ya mpunga na kutundikwa mlangoni. Mtoto akiwa wa kike, huchomekwa vipande vya mkaa na vijitawi vya msonobari. Msonobari hakuupata Tanga, akatumia mvinje. Maana ya kamba ni moja: ndani mna kichanga, mgeni asiingie. Kwao hutundikwa kwa wiki tatu, lakini yeye aliiacha hadi arobaini, kwa heshima ya desturi yenu. Makomredi, pimeni wenyewe: tofauti iko wapi kati ya kamba hiyo na sisi tunaomfungia mzazi ndani ili jicho baya lisimwone mtoto?

Ila ninyi mliona mkaa na mvinje vinaning'inia mlangoni. Wiki ile ile tuliyotolewa, kamba ikiwa bado haijashushwa, mtoto wa jirani akashikwa na degedege. Mtoto alipona, lakini minong'ono ya uchawi haikupona. Mtu mmoja wa kikundi akaja asubuhi na kisu, akaikata kamba na kuichoma uani, mbele ya mwanamke aliyekuwa amempakata mwanawe. Mama Mirae aliondoka bila kuaga. Nanyi mkakata ubeti wake kama mlivyokata kamba yake.

Jina la aliyeshika kisu nimetajiwa. Bi Saumu, pumua kidogo, kisha uendelee kusoma. Sikukuchagua kwa ajili ya sauti yako peke yake.

Sikuandika ili kukuaibisha, mama yangu mdogo. Mimi mwenyewe, mwenye shahada na kiti cha kusimamia, nilisikia sauti ya mgeni ikitaja jina langu, na sikuuliza kwanza. Nilichukua kisu. Waraka wangu ulikuwa umekwisha andikwa.

Wala msidhani nimemwamini Mama Mirae bila masharti. Nimesikia upande mmoja tu, na upande mmoja ni nusu ya kesi. Nilimbana: mbona mliandika mtunzi hajulikani, ilhali mnamjua hata kwa iliki yake? Akasema alihofia kwamba jina la mama yangu likionekana karibu na jina la kamba, ile minong'ono ingefufuka na kumrudia aliyemhifadhi. Ni jibu zuri. Ni zuri mno, na majibu mazuri mno mimi huyageuza mara mbili kabla ya kuyapokea. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi.

Zaidi ya wote, Mama, ninakuuliza wewe. Mwenzako uliyelala naye mkeka mmoja alipofukuzwa, kamba ikiwaka uani pako, ulisema nini? Na kila mwaka ulipoinama sikioni mwangu ukaniimbia nusu ya wimbo wangu na kuniambia ndio wote, ulijisikiaje? Sijui kama uliogopa kikundi, au uliogopa kukipoteza. Huku ughaibuni nimejifunza kwamba hayo mawili hayafanani.

Hili ndilo lililo mezani. Albamu inatolewa upya. Mirae amesema yuko tayari kuandika, mbele ya wimbo wa kumi, jina lako kamili: mtunzi. Kitu nilichokipigania kimo mkononi. Ila nilipomwambia aandike, alitaka jambo moja, na sikuweza kulipinga hata kwa sheria zote nilizosoma: uutambue wimbo wote. Beti mbili, au asiandike kitu. "Sitaki mama yako awe mtunzi wa nusu," alisema kupitia kwa Jiwon. Tangu siku ile ya arobaini, Mirae hajawahi tena kuimbiwa wimbo huo na waliompakata. Anaujua kwa sauti moja tu, ya mama yake, aliyeukimbia mji akiwa nao kinywani.

Waraka wa wazi nimeuchana. Mama Béa aliokota vipande akawashia jiko.

Nisalimieni Baba, mwambieni redio aliyoagiza nimeipata. Salamu kwa Shangazi Mwajuma, ambaye namwomba radhi kwa shaka ambayo hakujua ninayo. Kwa Bi Zena na mapacha wake. Kwa jirani yetu, mama wa yule mtoto wa degedege, mtoto ambaye sasa, nasikia, ni baba mwenye watoto wake. Na kwako, Bi Saumu, salamu ya peke yake, kwa kuwa umefika hadi mstari huu bila kuruka.

Mimi mwanenu niliyepakatwa na wengi,
Mwanaisha

Tangazo. Bi Saumu, lisome ukiwa umesimama. Mkutano ujao ni Jumapili, saa sita mchana kwenu, saa kumi na moja jioni kwetu. Tandikeni mkeka mkubwa na muiweke simu katikati. Mirae na mama yake watakuwa upande wa pili. Ubeti wa kwanza wataimba wao. Ubeti wa pili tutanyamaza, tusikie nani kwenu atauanza.