Mwisho Tunaujua, Lakini Tunakaa

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Dar es Salaam
12 Februari 1956

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo. Mimi mzima wa afya, hofu ni juu yenu, wewe na mama na mguu wake unaomsumbua.

Najua ulisema nisikanyage mlango wako mpaka nirudi seminari. Barua haina miguu, kwa hiyo naituma. Sirudi, baba. Nilikaa miaka minne nikisubiri kuitwa, nikaona ninaitwa kwingine. Sasa naendesha mashine ya sinema kwa Bwana Devendra, na kazi naiweza.

Tuna picha moja ya Kihindi, ya kabla ya vita. Picha mpya zikikosa watu, Bwana Devendra huirudisha hiyo. Mkanda umekwaruzika hata utadhani mvua inanyesha ndani ya nyumba. Mtoto anachukuliwa na mafuriko, baba yake anamlilia mpaka anapofuka. Miaka inapita, mtoto anakuwa hakimu, na kila asubuhi anampita kipofu mmoja anayeomba kwenye lango la mahakama. Mimi nilijua mapema kabisa kipofu yule ni nani. Nimeiona mara kumi na moja, na bado nalia.

Mwanao,
Ignasi

Ndanda
4 Machi 1956

Ignasi,

Milele, amina. Marahaba. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Mimi sijambo.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Hadithi ambayo mwisho wake unaujua ni ya kumlaza mtoto. Mtu mzima anayekaa gizani aambiwe alijualo amekosa shughuli. Wenye picha wanakudanganya, unajua wanakudanganya, na bado unalia!

Padre anasema nafasi yako ipo mpaka Pasaka. Ikipita hiyo, usiniandikie.

Baba yako,
Augustino

Kariakoo
18 Machi 1956

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za mguu wa mama. Mimi niko salama.

Sikujibu kwa kiburi, nakuuliza tu. Kila Ijumaa Kuu unawasomea watu Mateso ya Bwana. Mwisho unaujua, nao wanaujua. Mbona ukifika pale Petro anapomkana Bwana sauti yako inakatika? Mbona Mzee Tarsis hunong'ona, "Usiseme, Petro, usiseme"? Na hakuna anayemwambia mzee wa watu kwamba Petro atasema.

Picha nayo ndivyo. Mara ya kwanza nilikuwa naukimbilia mwisho. Siku hizi, kwa kuwa najua hakimu atapita, namtazama mkono. Analivuta joho lake ili lisimguse kipofu. Hilo sikuliona kabla.

Pasaka itapita nami nitakuwa hapa. Nakuheshimu.

Mwanao,
Ignasi

Ndanda
10 Julai 1956

Mwanangu Ignasi,

Salamu nyingi. Sote tu wazima. Mama yako sasa anatembea mpaka kisimani. U hali gani?

Nimenyamaza muda mrefu. Ijumaa Kuu nilimsikia Mzee Tarsis akinong'ona, nikashindwa kuendelea kusoma. Wakanisubiri.

Mwezi wa sita Padre alinituma Dar es Salaam kuchukua vitabu vya katekisimu. Sikukuarifu. Jumamosi mchana nilikwenda sinema ya Bwana Devendra, nikakata tikiti kama mtu yeyote. Nikaikuta picha ile ile. Nyuma yangu alikaa mama wa Kihindi, anaitwa Ranjanben, akawa ananifasiria bila kuombwa. "Sasa atampita, mzee. Ngoja. Atampita tena."

Yote niliyajua, uliniandikia. Lakini hakimu alipovuta joho lake, nilijikuta nimesimama, nampigia kelele. "Simama, wewe! Ndiye baba yako huyo!" Katekista mimi, miaka thelathini nawafundisha watu kutulia kanisani. Hakuna aliyenicheka. Nusu ya watu walikuwa wamesimama.

Wewe ulikuwa juu na mashine yako. Picha ilipokwisha nikakusubiri mlangoni. Ukatoka na makopo ya mkanda begani, unacheka na mwenzako, naye anakujibu, "Twende, Ignasi!" Umenenepa. Ulipita karibu hata ningeweza kukushika mkono. Nikakuacha upite. Kesho yake nikapanda meli ya Lindi.

Lile la seminari limekwisha. Mlango uko wazi. Nisamehe, mwanangu.

Baba yako

Kariakoo
29 Julai 1956

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Sijambo kuliko siku zote.

Barua yako niliisomea pale pale Posta nimesimama. Karani akaniuliza, "Umefiwa, bwana?" Nikamwambia, "Hapana. Baba kaandika." Nilikusamehe zamani, hata kabla hujaniomba. Lakini kunifikia mpaka mlangoni ukaondoka! Huyo niliyecheka naye ni Kishor, naye amekasirika kuliko mimi.

Njooni, wewe na mama. Chumba ninacho, kitanda nitawaachia. Ila picha yenu haipo tena. Mkanda ulizidi kukatika, Bwana Devendra ameurudisha Bombay. Kuna mpya, ambayo mwisho wake hakuna anayeujua.

Mwanao,
Ignasi

Ndanda
12 Agosti 1956

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, na tumefurahi kusikia u mzima.

Habari ya mkanda imemuudhi mama yako. Nimemhadithia picha ile mara tatu, na alitaka aione kwa macho yake. Amesonya, kisha akauliza chumba chako kina madirisha mangapi.

Usihangaike na picha, ya zamani wala mpya. Hatuji kwa ajili yake. Tutafika na meli ya tarehe sita Septemba, omba ruhusa uje bandarini. Zimebaki wiki tatu na zaidi, na mama yako amekwisha kufunga mzigo.

Baba yako